Wiki ya mfadhili kusini: kutoka Rufiji hadi Mikindani

Hii ni ratiba tunayoitumia kupokea wageni wanaolipia mahitaji ya mtoto wa huku kusini mwa Tanzania wakiwa Ulaya, Marekani au Korea. Imeandikwa siku kwa siku kwa ajili ya watu wa miradi, walimu, watendaji wa vijiji na yeyote atakayeombwa kusindikiza mgeni wa namna hiyo. Mgeni anakuja kumwona mtoto mmoja, ila mtoto wa Lindi au Mtwara haonekani peke yake. Nyuma yake kuna mama, bibi, mjomba na mikorosho. Ziara iliyopangwa kwa ajili ya wawili tu, mgeni na mtoto, huisha kwa picha nyingi na maneno machache.

Jina la kijiji halitajwi hapa, na lisitajwe kwenye kumbukumbu zenu pia.

Kabla ya kuondoka

Maombi ya ziara yafike ofisi ya mradi wiki nane kabla. Muda huo unaliwa na mambo matatu: cheti cha polisi wa nchi anakotoka mgeni kinachoonyesha hana makosa, taarifa kwa uongozi wa kijiji na shule, na kumuuliza mama au mlezi kama anamtaka mgeni nyumbani kwake. La tatu liulizwe kwa dhati. Mlezi ana haki ya kusema hapana, na mtoto naye ana haki hiyo. Mgeni anayetua ghafla kwa bodaboda kijijini, hata kama amemfadhili mtoto miaka kumi, anarudishwa ofisini.

Viza ya matembezi ni dola 50, kwa Wamarekani dola 100. Inamruhusu kutembea na kusalimia, haimruhusu kufanya kazi. Walimu na wauguzi wastaafu hupenda "kusaidia kidogo" darasani au zahanati. Waambiwe mapema kwamba hilo lina kibali chake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo zawadi zifungwe kwenye karatasi au mfuko wa kitambaa.

Miezi mizuri ni Julai na Agosti. Masika ya kusini yanaanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na barabara ya Kilwa haitabiriki wakati huo: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara upande wa Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Juni na Desemba shule zimefungwa na watoto wengi wako jandoni au unyagoni. Septemba darasa la saba wana mtihani. Oktoba hadi Desemba kila mwenye mikono yuko chini ya mkorosho anaokota.

Siku ya kwanza: Dar es Salaam hadi Lindi

Kosa la kwanza hutokea kabla basi halijawashwa. Tiketi inasema saa 12 asubuhi, mgeni anaelewa saa sita mchana, basi linaondoka bila yeye. Mwandikie saa kwa mtindo wake na kwa mtindo wetu kwenye karatasi moja, wiki nzima.

Safari ni kama kilomita 450: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, halafu daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Lilifunguliwa 2003. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mto ukifurika kusini ilikuwa kama kisiwa. Mgeni aambiwe hili akiwa darajani, maana ndilo jibu la nusu ya maswali yake kuhusu kwa nini huku kulichelewa.

Masaa ya barabarani yatumike kueleza pesa yake inakwendaje. Wengi wanaamini noti zao zinaingia mkononi mwa mtoto. Utaratibu wenyewe una mizizi ya vita: Plan International ilianza 1937 kwa watoto wa Hispania, World Vision 1950 na Compassion 1952 kwa watoto wa Korea. Tangu hapo mashirika yamegawanyika. World Vision huchanganya michango na kuipeleka kwenye mambo ya eneo zima, kama visima, madarasa na lishe. Compassion hufanya kazi kupitia makanisa na kumfuatilia mtoto mmoja mmoja kituoni. Mgeni ajue yuko upande upi kabla hajafika kwa mama wa mtoto na kuuliza "zile fedha mlinunulia nini?" Swali hilo limeshavuruga ziara nyingi, kwa sababu mama hana jibu na majirani wanasikiliza.

Tena ajue kwamba shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne tangu 2016. Kinachomrudisha mtoto nyumbani ni sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula cha mchana. Mgeni akiuliza kama ufadhili unaleta tofauti yoyote, ipo kazi ya Bruce Wydick na wenzake iliyochapishwa 2013: katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, watoto waliofadhiliwa kupitia Compassion walisoma zaidi kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu hivi. Tanzania haikuwa kati ya nchi hizo sita.

Lindi mnaingia alasiri. Chandarua kikaguliwe kabla ya kulala. Malaria ya ukanda huu si ya kubahatisha.

Siku ya pili: Lindi mjini, faili na zawadi

Siku hii haina mandhari, na ndiyo inayoamua kesho itakuwaje. Mgeni anakaa na faili la mtoto akiwa na mtu anayelifahamu.

Aanze na jina. Katika mila za Wayao na Wamakonde, mtoto akitoka jandoni anaweza kupewa jina jipya, na la zamani kulitumia ikawa kumdharau. Mfadhili anapokea barua yenye jina asilolijua na kudhani amebadilishiwa mtoto. Wengine wameacha kufadhili kwa sababu hiyo. Dawa yake ni kuandika majina yote mawili kwenye faili, kubaki na namba ileile, na kumweleza mfadhili kwa mistari miwili mwezi uleule wa jando.

Kisha ukoo. Fomu nyingi zimetengenezwa mbali, zina sanduku kubwa la "baba" na kijimstari cha "mlezi mwingine". Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye usemi juu ya jando, ndoa na hata kuhama kwa mtoto. Dini na sheria za leo zimempa baba nafasi kubwa zaidi kuliko zamani, kwa hiyo usikisie. Uliza nyumba kwa nyumba: mambo ya mtoto huyu yakiwa mazito, anaitwa nani? Jina litakalotajwa liingie kwenye fomu, na mtu huyo aalikwe kesho. Mjomba akisahauliwa, ridhaa iliyosainiwa inakuwa karatasi tu.

Hapohapo mgeni aelewe kwa nini mtoto "hupotea" kwenye ripoti. Msimu wa mazao ukianza, familia huhamia shamba, kwenye vibanda, kulinda mahindi na mihogo dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Ndoa ikivunjika mtoto huenda kwa bibi mzaa mama, pengine wilaya nyingine. Ofisi inaandika "ameondoka mradini", mfadhili anasoma kana kwamba mtoto ametupwa. Mtu apelekwe kijijini siku mbili kabla ya ziara kuthibitisha kwamba mtoto yupo.

Mchana ni wa sokoni. Zawadi ya nyumba: mchele kilo 5, sukari kilo 2, mafuta ya kupikia lita 2, sabuni ya mche. Vitu hivi vitangulie jioni hiyo kupitia kamati, ili familia isikope kuku wa kumchinjia mgeni. Kwa mtoto na ndugu zake wote, madaftari na kalamu kwa idadi ya watoto waliomo nyumbani. Mtoto mmoja akipata kiatu kipya na wanne wakamtazama, umemletea ugomvi. Kwa shule, mpira mmoja wa miguu pamoja na pampu na sindano zake mbili, maana mpira bila pampu hudumu mwezi. Bibi apewe doti ya khanga, na msindikizaji asome maandishi yake kabla ya kulipa: khanga za kupigana mafumbo na mke mwenza zipo tele na rangi zake ndizo zinazovutia wageni. Simu, saa na fedha taslimu visitolewe kabisa.

Mwisho, mgeni achague picha kumi za kwao: wazazi wake, nyumba, kazini, theluji, soko, ng'ombe kama wapo. Magari aache. Kesho ataulizwa kama wazazi wake wako hai, ana watoto wangapi, na kama hana, kwa nini. Huko kwao maswali haya ni ya ndani; huku ndiyo namna ya kumweka mtu mahali pake, na asiye na majibu atahurumiwa sana.

Siku ya tatu: shuleni na nyumbani

Gari linatoka Lindi saa moja asubuhi, linapita Mingoyo na kushika barabara ya Masasi. Ikiwa ni Ijumaa, ziara ya nyumbani ianze asubuhi na kumalizika kabla ya saa sita, kwa sababu wanaume wataenda msikitini. Mwezi wa Ramadhani ziara za chakula zisipangwe kabisa. Mavazi: magoti na mabega yafunikwe, kwa wanaume pia suruali ndefu.

Ofisi ya kijiji kwanza. Kitabu cha wageni kisainiwe mbele ya mtendaji. Asiposalimiwa yeye na mwenyekiti, hata shule itasita. Shuleni inatosha saa moja. Mwalimu mkuu huwa ameandaa nyimbo, mgeni naye hutaka kuingia darasani kila chumba. Darasa moja, la mtoto mwenyewe, na mtoto asiitwe mbele. Kumtoa mbele ya wenzake sabini kama mwenye bahati ni kumtengenezea maadui wa njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nyumbani ni saa mbili, si zaidi. Msindikizaji anabisha hodi, mgeni anangoja nyuma yake. Viatu vinabaki nje ya mkeka. Shikamoo inaanza kwa aliye mkubwa kuliko wote, na kwa kawaida huyo ni bibi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Habari za njiani?"

"Njema, bibi. Tumemleta mgeni wako."

"Karibuni. Kaeni, mjomba wake anakuja, alikuwa shamba."

Hapo mnangoja mjomba. Mgeni atatazama saa, aachwe atazame. Mazungumzo yakianza kabla mjomba hajafika, yatarudiwa yote.

Mkalimani akae karibu na bibi, si karibu na mgeni. Wazee wengi wanajieleza vizuri zaidi kwa Kimwera au Kimakua kuliko kwa Kiswahili, hivyo maneno yanapita mikono miwili kabla ya kumfikia mgeni. Sentensi ziwe fupi, swali moja kwa wakati. Mgeni akiahidi jambo, kwa mfano kumsomesha mtoto hadi chuo kikuu au kumchukua kwao, mkalimani asitafsiri. Amgeukie mgeni na kumweleza kwamba ahadi ya namna hiyo itasubiriwa na ukoo mzima. Tunaona hili ndilo jukumu zito kuliko yote aliyonayo.

Mtoto atanyamaza. Ataangalia chini, atajibu "ndiyo" kwa sauti isiyosikika, na mgeni aliyesafiri bara mbili atadhani hapendwi. Mtoto aliyelelewa vizuri huku hamkazii macho mkubwa wala hachangii mazungumzo ya wazee. Asihimizwe kusema. Wapewe kazi ya mikono, yeye na mgeni: kupukuchua kunde, kucheza bao, kupiga mpira nje. Baada ya nusu saa ya kunde, mgeni anayefungua ganda kwa meno huchekwa, na hapo maneno huanza.

Zawadi apewe mama au bibi mbele ya mjomba, zikiwa zimefungwa, na mgeni asishangae zisipofunguliwa. Chakula kikija, mikono inanawishwa kwa birika na beseni, mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Mnaweza kukuta ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, samaki mkavu, na mwaka ukiwa mzuri sahani ya ming'oko ya kuchemsha iliyochimbwa porini. Mgeni ale kidogo kuliko kukataa. Asiyekula nyama asemewe jana yake, kwa sababu kuku akishaletwa mezani kumkataa ni kumwaibisha aliyemchinja. Maji ya chupa aje nayo, anywe bila kujificha.

Picha ni za mwisho, baada ya mama na mtoto kukubali. Simu izimwe huduma ya mahali kabla ya kupiga. Jina, sura na kijiji visikutane kwenye chapisho moja mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu watoto hawa sawasawa na wa mjini. Na kwa wakati wote huo mgeni haachwi peke yake na mtoto, hata kwenda kuonyeshwa kisima. Hakuna anayemshuku, ila kanuni ikimruka mtu mmoja mwema, haitamzuia mbaya.

Siku ya nne: shamba

Hapa ndipo mgeni anapojua barua zinatoka wapi. Julai, mikorosho inatoa maua na wakulima wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua kabla ya kufunga tunda. Upulizaji hufanyika alfajiri, majani yakiwa na umande ili unga ushike, na upepo ukiwa haujaanza. Mgeni mwenye pumu asisogee, na wengine wakae upande unakotoka upepo. Salfa inawasha macho. Watoto hawatakiwi hapo.

Korosho ikivunwa hupelekwa chama cha msingi, hupimwa, huwekwa daraja, hupelekwa ghala kuu na kuuzwa kwa mnada. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwa korosho 2007, Mtwara. Malipo huja benki, msimu mmoja tu kwa mwaka, mwishoni mwa mwaka au Januari. Ndiyo sababu barua ya Desemba ina nguo mpya na baiskeli, na ya Machi haina kitu, maana ni masika na ghala la chakula limekwisha. Mfadhili akizisoma bila kalenda hii anaona familia isiyojua kupanga matumizi. Lindi kuna ufuta pia, unaovunwa kuanzia Juni, na pesa yake huziba pengo kidogo.

Korosho mbichi mgeni asiing'ate. Maganda yana mafuta yanayounguza midomo na ngozi. Wanawake wanaobangua hupaka majivu mikononi kwanza.

Siku ya tano: Ndanda, Masasi, Newala

Siku ya gari. Ndanda kuna abasia (makao ya watawa) na hospitali ya Wabenediktini; Masasi misheni ya Kianglikana ilianza 1876 ikiwa na watu waliokombolewa utumwani. Ukipanda Newala, simama Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda wa Wamakonde, uangalie bonde upande wa Ruvuma na Msumbiji. Juu hapa maji yalikuwa mbali siku zote: chemchemi ziko chini ya ukingo, na ndoo ilipanda kichwani mwa wanawake na wasichana.

Mkikutana na ngoma, itazameni. Sindimba na ngoma ya mapiko zinachezwa hadharani, ila mvaa barakoa haulizwi ni nani, na mwali hapigwi picha. Wageni wengi wamesoma kuhusu ukeketaji wa mikoa mingine na kuuchanganya na unyago. Unyago wa huku ni mafundisho, si kukata. Lililopo ni mjadala wa umri na shule: wasichana wadogo wanafundishwa ya unyumba mapema, na viongozi wamekuwa wakisisitiza ngoma zisivuke likizo. Mgeni aambiwe yote mawili, bila kupamba.

Siku ya sita: Mtwara na Mikindani

Mikindani kuna boma la Wajerumani na nyumba za mawe za wafanyabiashara. Livingstone aliondokea hapa 1866 kwenda bara. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, Nachingwea ikiwa moja ya mashamba yake. Waliagiza matrekta kabla ya kuijua mvua wala udongo, na reli waliyoijenga kwenda Nachingwea iling'olewa baadaye. Mgeni aliyekwishaanza kuchora kisima au bweni kwenye daftari lake asimuliwe hili akiwa bandarini.

Vinyago: mpingo halisi una kiini cheusi na ukingo wa njano hafifu, ni mzito, na kipande chake huzama majini. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu huacha weusi kwenye kitambaa chenye maji. Bei hupatanwa kwa fundi mwenyewe akiwa kazini, na stakabadhi itunzwe kwa ajili ya uwanja wa ndege.

Siku ya saba: kurudi

Kabla ya kupanda ndege au basi, mgeni ajaze ripoti: nani alikuwepo nyumbani, alipewa nini nani, aliahidi nini, picha ngapi zina mtoto. Nakala moja inabaki Lindi.

Barua ya kwanza aiandike ndani ya wiki mbili, ukurasa mmoja, herufi kubwa. Amsalimie bibi na mjomba kwa vyeo vyao, aambatanishe picha mbili za siku ya kunde, aulize mambo yanayojibika: salfa imefika? ming'oko imeanza kuchimbwa? nani kashinda bao? Maswali ya "unajisikiaje" hurudi na jibu moja, "najisikia vizuri", kutoka kwa kila mtoto. Ikisomwa ofisini na kutafsiriwa, barua huchukua miezi miwili hadi mitatu kumfikia mtoto na jibu lake muda kama huo. Iliyoandikwa Agosti itajibiwa katikati ya korosho, kwa hiyo mfadhili asihesabu ukimya wa Novemba kuwa ni ukimya.